Siku Tulipogawanywa

Walikuwepo bibi mzaa baba, baba mkubwa na mke wake, shangazi aliyeolewa Ibaba, mwinjilisti wa kanisa letu, jirani mwenye mashine ya kusaga, mdogo wangu wa kiume, mdogo wangu wa kike, na mimi. Juzi nilikuwa Tunduma nikingoja foleni ya malori isogee, likapita moja limebeba kahawa. Harufu ile ikanirudishia wote, kila mtu na mahali alipokaa.

Tulikuwa tunaanua tanga la mama. Baba alikuwa ametangulia. Kwetu Mbozi, juu kidogo ya Nanyala, ukoo ukishanyoa nywele na kula, hukaa kugawana vilivyobaki: majembe, masufuria, kisha watoto. Tulikaa uani, kando ya vichanja ambako kahawa ya mama ilikuwa bado inakauka.

Mimi nilikaa chini. Miguu yangu ilipooza kabla sijajua kukimbia, nikakua nikitambaa, kandambili nimezivaa mikononi. Lakini usinihurumie, rafiki yangu. Msimu wa kuchuma, matawi ya chini yalikuwa yangu, yale ambayo watu warefu huyapita, na kikapu changu kilijaa kama cha mtu yeyote. Mama alinichomea viazi kwenye majivu, akaniachia kile kikubwa. Alikuwa akisema, "Mwenye mikono hakosi pa kushika."

"Wa kiume namchukua mimi," baba mkubwa akasema. "Ng'ombe hawana mchungaji."

Shangazi akampapasa mdogo wangu wa kike mkono, kama mtu anayepima kuku sokoni. "Huyu atanichotea maji."

Mwinjilisti akakohoa. "Na huyu mkubwa?"

"Mkubwa wa wapi?" mke wa baba mkubwa akadakia. "Huyo ni wa kulishwa. Mchukueni nyie wa kanisa, si ndiyo kazi yenu?"

Watu wakacheka. Nikasema sisi ni wa tumbo moja, tuachwe pamoja, nitawalea. Baba mkubwa akainama mpaka harufu ya pombe ikanipiga usoni. "Sawa, mwanangu. Siku utakayokuja kwangu umesimama, tutakupa wote wawili."

Walicheka tena. Hata jirani alicheka, na yule alikuwa mtu mwema.

Bibi alinichukua. Shule niliiachia darasa la tano, maana aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda huko ni mdogo wangu wa kiume, na sasa alikuwa nyuma ya ng'ombe wa baba mkubwa.

Bibi alipofariki nilikuwa msichana mkubwa. Jirani akanipakia kwenye fuso la mahindi hadi Tunduma, kwa kuwa alisikia walemavu wa huko wanavusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kunyonga kwa mikono. Mwenyekiti wao, mzee mwenye mguu mmoja, alinigeuza viganja akatazama sugu.

"Mikono umekuja nayo," akasema. "Kudeka je, umeacha nyumbani? Hapa hatumsukumi mtu ambaye hajaomba."

Walinipa baiskeli ya mwenzao aliyekuwa mgonjwa. Siku ya kwanza nikakwama kwenye mwinuko, nimebeba sukari. Wakasimama pembeni na baiskeli zao, wananitazama.

"Iwe, wewe! Dada wa Mbozi! Umeota mizizi hapo?"

"Mwacheni, anaiombea sukari!"

Nililia kwa hasira. Maisha yangu yote watu walikuwa wameninyanyua na kunihamisha kama gunia, bila kuniuliza. Sikujua kuomba. Mwishowe nikapiga kelele, "Nisukumeni basi, mbwa nyie!" Wakaja wote wakicheka, mmoja akisukuma kwa gongo lake. Tangu siku hiyo nikawa na watu wangu.

Nikapanga chumba Mpemba, karibu na Tunduma, nikatandika mikeka miwili ya ziada, nikaenda kuwafuata wadogo zangu. Wa kiume aliacha fimbo ya kuchungia zizini akanifuata bila kuaga. Tukapanda milima hadi Ibaba. Mdogo wangu wa kike tulimkuta mtoni, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, akiwa mwenyewe bado mtoto. Shangazi alikuwa amemwoza kwa mzee wa kijiji cha jirani.

Mdogo wangu hakuitua ndoo. "Waliniambia umekufa," akasema. "Nikaacha kukungoja."

Nikamwambia chumba kipo, aje na mwanawe. Akatikisa kichwa. "Mtoto ni wao, dada. Nikiondoka watamchukua." Akaniomba nisogeze baiskeli, apite.

Siku hizi uani kwetu pamelimwa mahindi. Vichanja vimekuwa kuni, kahawa imeng'olewa, na wengi waliocheka siku ile wamelala makaburini. Mdogo wangu wa kiume anatengeneza baiskeli zetu mpakani, na jioni tunakula sahani moja. Mkeka wa tatu nimeukunja, sijaugawa. Nilisema mbele ya ukoo wote kwamba nitawalea wawili. Nimelea mmoja.