Chuma Kilicholala

Kabla sijashika kipima sumaku, navua kila kitu chenye chuma. Simu, saa, mkanda. Mtandio naufunga fundo, maana pini moja tu inaweza kunidanganya siku nzima. Siku ile, kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo, juu ya mji, upande wa Kibosho, jamaa mmoja mwenye shauri la mpaka aliniangalia nikimkabidhi bosi wangu, mpimaji, vitu vyangu, akauliza, "Dada, umekuja kupima au unakwenda kuoga?"

Nilicheka. Mimi hucheka upesi. Matokeo yangu ya kidato cha nne mama hajawahi kumwonyesha mgeni pale nyumbani Kiboriloni, lakini kifaa hiki nakijua, na naota siku moja niwe na changu.

Shauri lilikuwa kati ya jamaa huyo na bibi mmoja mjane, mke wa marehemu baba yake mkubwa. Vihamba vyao vinapakana. Jamaa alitaka kujenga ukuta, na msingi ulishachimbwa hadi karibu na kaburi dogo katikati ya migomba. Ni la binti wa bibi, aliyefariki akiwa na miaka sita, zamani, mimi sijazaliwa. Kila mmoja alisema kaburi liko upande wake. Wapimaji wa zamani walisimamisha chuma cha mpaka ndani ya zege kwenye kona hiyo, ila hakuna aliyekiona tena. Basi wakaandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji: chuma kikionekana, maneno yameisha. Ramani ilitufikisha karibu, ikatuachia wasiwasi wa hatua kama sita. Kaburi lilikuwa ndani ya hizo sita.

Kifaa chenyewe ni fimbo ndefu, na mlio wake nausikia mimi peke yangu masikioni. Tabu ni kwamba mlima wetu ulitoka motoni, na mawe yake meusi nayo yana sumaku. Jiwe huguna tu, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Chuma hulia kwa ukali, mahali padogo. Bosi alinifundisha na jambo jingine: kilichosimama hulia mara moja, kilicholala hulia mara mbili, kichwani na mkiani.

Nilifunga kamba ya nailoni kwenye migomba nikaanza kutembea mistari. Mstari wa pili kifaa kikapiga kelele kila nilipogeuka. Kumbe bibi alikuwa nyuma yangu.

"Bibi, una nini kiunoni?"

"Mundu."

"Bibi yangu, utanifukuzisha kazi."

"Nauweka chini, mwanangu. Niliogopa nikikaa mbali hutakiona."

Mstari wa tisa, nikiwa nimelipita kaburi hatua mbili kuelekea kwa jamaa, kikalia. Kikali kabisa. Nikasimama, na bibi akajua. Kama mpaka ulikuwa pale, kaburi la mtoto lilikuwa kwake. Akaketi kando ya kaburi, akaanza kulifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

Jamaa alivuta pumzi. "Basi, mama mkubwa. Niliandika, sirudi nyuma."

Nikasogea nusu hatua ili nichomeke kijiti. Kikalia tena.

Nikarudi. Nikaenda. Kichwa na mkia. Nilipita mara nne, nikitamani kifaa kibadili maneno. Chuma cha mpaka hakilali. Fundi mmoja wa ukuta alishainua sururu, na pigo moja tu lingekitoa, asijue mtu kilikuwaje ardhini. Bibi alikuwa ananitazama na kutabasamu.

"Subiri," nikasema. "Chimba kwa mikono. Kimelala."

Kikaonekana, kinene kama kidole gumba, kimelala kwenye udongo mtupu bila zege. Bosi alikiinamia kwa muda mrefu. "Kiling'olewa hiki," akasema. "Hakituambii kitu. Tafuta zege lake, huenda kipande kimebaki humo."

"Nani aking'oe akilete kwenye ardhi ya baba yangu?" Jamaa alimuuliza bosi, lakini macho yake yalikuwa kwa bibi.

Bibi aliacha kufuta. "Jioni tuliyomzika, mzee wangu alichelewa kuingia ndani. Alirudi na udongo mikononi. Nilidhani ni wa kaburi."

Nikaanza upya, na safari hii nilikuwa naomba nisisikie kitu. Hatua mbili kutoka kaburini, upande wa bibi, kikalia. Kidogo sana, mara moja tu. Tukachimba, zege likatokea, na katikati yake kisiki cha chuma. Kaburi lote lilikuwa kwa jamaa.

"Bibi, nisamehe," nikasema, machozi yananitoka.

"Kwani wewe ndiye uliyekisogeza?"

Akainuka taratibu, akachuma jani la mmea wa isale ulioota kichwani mwa kaburi. Huku kwetu mtu akikunyooshea isale anakuomba, na kulikataa ni aibu kwa ukoo mzima. Hata hivyo nimeshasikia waliolikataa. Akalishika kwa mikono miwili mbele ya jamaa.

"Sikuombi ardhi, mwanangu. Naomba njia."

Jamaa aliliangalia lile jani. Mafundi waliliangalia. Kisha jamaa akalipokea, akabaki nalo mkononi kama hajui aliweke wapi.

"Hapa msijenge," akawaambia mafundi. "Acheni mlango."

"Wa kufungwa?" bibi akauliza.

"Kufunga kwa nini, mama mkubwa? Uwazi tu."

Bosi akanipa futi ya kupimia. Bibi akaingia kwenye msingi, akasimama, akatanua viwiko kidogo, nami nikampima upana.