Gari Lisilonguruma

Tamimu wa Kasulu aliendesha gari kwa masikio. Wenzake walitazama mishale ya dashibodi, yeye alisikiliza injini, na ikianza kulalamika kwenye milima ya kuelekea Kibondo alijua inataka gia gani kabla mkono haujafika. Basi fikiria uchungu wake masikio yalipoanza kumtoroka. La kulia lilikufa kabisa, la kushoto likabaki kubahatisha. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Dereva wa abiria akijulikana ni kiziwi, nani atapanda?

Mkewe, Bi Faudhia, mzaliwa wa Pangani aliyeletwa Kasulu na ndoa, alikuwa akimwita mara mbili, mara tatu, bwana anaendelea kunywa chai yake kama sultani. Mwishowe akaacha kuita. Nyumba ilipoa, Tamimu akaona inavyopoa, na bado akafunga mdomo. Ukaidi wa wanaume wengine unatia hasira.

Ndipo Saady, mtoto wa kaka yake, alipoleta gari la umeme kutoka Dar. Alitaka libebe abiria kati ya Kasulu na Kibondo, lakini watu waliliita redio yenye matairi. Ili kuwaziba midomo, akapanga mashindano na Evaristi, dereva wa njia hiyohiyo, ambaye gari lake la petroli lilisikika kabla halijaonekana. Wangezunguka uwanja wa zamani wa ndege, nje ya Kibondo.

"Ami, ukishinda, usukani ni wako," Saady alimwambia.

Tamimu alikubali upesi mno. Gari lisilo na sauti! Humo ndani kila dereva ni kiziwi kama yeye.

Bendera ilishuka. Evaristi alikuwa bado anahangaika na gia ya pili Tamimu akiwa kwenye kona ya kwanza. Hakukuwa na gia ya kutafuta. Ukikanyaga, mgongo unagandamana na kiti. Alicheka peke yake kama mtoto. Lakini baada ya mizunguko kadhaa, taa yenye umbo la kobe iliwaka mbele yake. Saady alikuwa amemwonya: gari hili likikimbizwa sana, betri hupata joto, nalo hujipunguzia nguvu lenyewe. Tamimu akakanyaga, likamjibu kivivu. Evaristi akaanza kukua kwenye kioo. Tamimu akatulia, akawa anaachia mguu mapema kabla ya kona ili mota ivute breki na kurudisha umeme kidogo, kisha anakata ndani huku mwenzake akiteleza nje kwenye changarawe. Mzunguko wa mwisho ulimkuta bado yuko mbele.

Pembeni, fundi Ndayikeza, aliyekuwa akifuatilia betri kwenye simu, alipaza sauti, "Umuriro! Umuriro!" Kwake yeye umuriro ni umeme, yaani chaji inaisha. Lakini umuriro ni moto pia, na Bi Faudhia, ambaye Kiha chake alikiokota jikoni, aliujua umuriro mmoja tu, ule wa mafigani. Alinyakua ndoo ya maji ya mama lishe, akaingia njiani mbio akimwita mumewe. Uwanja mzima ukamwita. Tamimu hakusikia hata mmoja. Aliona tu khanga na ndoo mbele yake, akashindilia breki. Evaristi akapita. Maji yote yakamwagwa kwenye boneti.

"Nimekuita," Faudhia alisema akitweta. "Watu wote wamekuita. Nawe unakuja tu."

Angeweza kusingizia upepo. Lakini mkewe alikuwa bado ameishika ndoo tupu.

"Sikusikia, Mama Nurudini. Mwaka huu wote sisikii."

Saady alikuwa ameshafika, akasikia. Tamimu alijua usukani umekwenda. Kijana hakuligusa hilo. Gari lilipopata chaji, alimwomba tu ami yake alirudishe Kasulu polepole.

Wakarudi, Faudhia amekaa kushoto kwake, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi. Ndani ya gari hakukuwa na mngurumo wowote. Walikuwa wameshauacha mji Faudhia aliposema, bila kupaza sauti, "Nilidhani umenichoka."

Katika gari lake la zamani injini ingeyameza maneno hayo. Humu yalifika yote. Tamimu hakuondoa macho barabarani.

"Nimesikia," alisema. "Sema na mengine."