Milango Mitatu Mstari Mmoja

Mimi hakuna kinachonishangaza tena. Niliishia darasa la nne, nikaingia Johannesburg na mwiko wa fundi mfukoni, leo nina nyumba mbili mtaa wa Bertrams nilizojenga bila ramani ya mtu. Ila harufu ya chokaa mbichi hainipi raha. Nikiinusa nainuka, nazunguka, kwa sababu inanirudisha Tanga, mwaka niliotimiza miaka kumi. Kiwanja chetu kilikuwa chembamba, baba akajenga vyumba vitatu kimoja nyuma ya kingine, bila korido. Ukisimama barazani unauona moto wa jikoni uani. Mimi nililala cha mwisho. Kutoka kwenda mtaani lazima nipige hodi kwa Bibi, chumba cha kati, kisha hodi kwa wazazi, ndani ya nyumba yetu wenyewe! "Karibu mgeni," Bibi alinitania, "leo umetoka nchi gani?" Watoto wa mtaani walituita watu wa behewa. "Treni yenu inaondoka saa ngapi?" Siku moja nilirudi nalia, nikamwambia baba mbele ya wageni kwamba nyumba yake ni aibu. Hakunipiga. Wiki ileile alikata korido ubavuni, akaupaka ukuta wake chokaa, na chumba cha Bibi kikabaki hakitoshi kitanda chake. Alifunga nguo kwenye kanga, akahamia kwa shangazi Pangani. "Haya mume wangu," aliniambia mlangoni, "korido umepata, mke ndio anaondoka." Alifia hukohuko.

Mwaka 2017 nilijenga vyumba vitatu kando ya ukuta wa kiwanja hapa Bertrams, kimoja nyuma ya kingine. Wapangaji wakakataa kupitiana vyumbani. Eish! Nikaamua nikate korido. Kabla sijaanza akaja Denise, mwalimu, Mmarekani mweusi wa Louisiana, anatafuta pa kupanga. Alisimama mlangoni, akatazama moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, akajishika mdomo. "Bwana Saidi, hii ni nyumba ya bibi yangu!" Akasema kwao nyumba kama hizi ziko mtaa mzima, watu husema risasi ikipigwa mbele inatokea nyuma bila kugusa ukuta. Wazee wao, akasema, walitoka na ujenzi huo Afrika Magharibi, wakapita nao Haiti, utumwani. "Wewe nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha," nikajibu, kifua mbele. Kisha nikaitazama ile milango mitatu, nikaiona nyumba ya baba.

"Basi usikate kitu. Navichukua vyote."

Jioni sikuweza kukaa. Nikampigia dada yangu Zuhura, anayeishi nyumba ya Tanga. "Bomoa ukuta wa korido."

"Kaka, pesa za Joburg zinakuwasha?"

"Bomoa, Zuhura."

Akabomoa, akanitumia picha. Wanangu, ambao Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kizulu, waliitazama wakauliza nani analala pale katikati. Hakuna, nikawaambia. Fundi, mbao na bawaba, kukirudisha chumba kisicho na mwenyewe kulinigharimu randi elfu tisa mia sita na arobaini.