Jiko la Sebuleni

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, amehudhuria semina nyingi kuliko harusi. Tulimpachika jina la Mama Semina naye hakukasirika, maana hata yeye zilikuwa zimemchosha. Kila aliporudi alituletea mfuko wa kitambaa wenye maandishi ya mazingira. Ukiingia kwetu utakuta vitunguu viko kwenye mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, vibanio vya nguo kwenye mfuko wa maendeleo endelevu, na mimi fundi pikipiki spana zangu zimo kwenye mfuko wa kujenga uwezo. Uwezo wenyewe, nilikuwa nikimtania, bado hatujaletewa.

"Cheka tu, shemeji," alikuwa akinijibu. "Siku moja nitaifanya kazi hii mwenyewe, utanyamaza."

Kazi yenyewe iko wizarani, kwenye kitengo cha kupunguza hewa ukaa. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakija kutoka nje, wanapima, wanaandika, wanapanda ndege. Shemeji na wenzake walikuwa wakiwabebea mikoba na kuwatafsiria. Mradi wao mkubwa ni wa majiko banifu, yale yanayokula mkaa kidogo. Kila nyumba inayotumia jiko hilo inapunguza moshi, moshi uliopungua unapigiwa hesabu, kisha makampuni ya mbali yanaununua kufidia moshi wao. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, alielezwa jambo hilo mara nyingi na jibu lake halikubadilika.

"Kwa hiyo mnauza moshi ambao haupo? Na huyo mnunuzi ana akili timamu?"

Safari hii kitengo kiliachiwa kifanye uhakiki chenyewe: kwenda nyumba kwa nyumba kuona kama majiko yaliyogawiwa yanapikiwa kweli. Shemeji akateuliwa kuongoza. Mkaguzi wa nje angemfuata nyuma, akimtazama tu. Kazi ikienda ovyo, mwakani wataalamu wanarudi.

"Nikiharibu hapa," alituambia huku chakula kikimshinda, "nitastaafu nikiwa mbeba mikoba."

Nyumba za kutembelewa zilipatikana kwa kura. Vikaratasi vikatiwa kwenye sufuria, shemeji akafumba macho, akachomoa cha kwanza, akakuta jina la mama yake. Bosi wake akamwambia akirudishe achukue kingine, nani atajua.

"Tulifundishwa kwamba kura hairudiwi," akasema shemeji.

"Mlifundishwa wapi?"

"Kila mahali, bosi."

Mkaguzi, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya kupandia milima kwenye mtaa usio na hata kichuguu, akasema ni vizuri sana, shemeji aende mwenyewe, yeye mkaguzi atakaa pembeni atazame.

Basi asubuhi hiyo nikiwa nimelala chini ya pikipiki ya mteja, karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba, nikaona viatu vinne vimesimama usoni pangu. Nikatoka. Shemeji alikuwa na kitambulisho kifuani na uso wa hakimu.

"Habari za asubuhi, bwana. Sisi tunatoka wizarani."

"Najua unakotoka, shemeji. Si jana tu ulikula hapa?"

Akanikazia macho. Mkaguzi akaandika kitu. Kumbe Kiswahili alikuwa anakijua vizuri, jambo lililotunyima hata nafasi ya kunong'ona.

Mama mkwe alikuwa ameketi sebuleni. Na jiko je? Jiko lilikuwa hapo hapo sebuleni, juu ya kabati, kati ya picha ya harusi yetu na maua ya plastiki, limefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake. Lilikaa hapo tangu siku lilipoletwa. Kila Jumamosi lilikuwa likipanguswa vumbi, na ole wake atakayeliegemea.

"Mama, jina lako kamili?" shemeji akaanza.

"Hulijui?"

"Naomba ujibu tu, mama."

"Jamani! Nimemzaa mwenyewe, leo ananiuliza jina!"

Akalitaja hata hivyo, na la marehemu mumewe juu yake, kwa sauti ya kumkomoa. Kisha likaja swali lenyewe: jiko mlilopewa mnalitumia mara ngapi?

Mama mkwe si mjinga. Alimtazama mkaguzi, akamtazama binti yake aliyekuwa anatokwa jasho, akaelewa kwamba mtoto wake yuko kwenye mtihani. Akajifunga mtandio vizuri.

"Kila siku," akasema. "Asubuhi, mchana, jioni. Hata sasa hivi maharage yako jikoni, yanachemka juu ya jiko hilo hilo."

Jiko liko juu ya kabati, linatutazama. Moshi wa jiko letu bovu la zamani, lililokuwa kule jikoni, ulikuwa umeshapenya mlangoni, unatafuta dirisha. Nikakohoa. Mke wangu, aliyesimama kando yangu, akanikanyaga mguu.

Shemeji akainuka, akakiondoa kitambaa taratibu. Ndani udongo ulikuwa msafi kama ulivyotoka kiwandani, na karatasi ya maelekezo bado imekunjwa humo.

"Mama, hili jiko halijawahi kuona moto."

"Unaniita mwongo mbele ya mgeni?"

"Sijakuita. Nimelisema jiko."

"Sasa nilitumie lichakae?" Sauti ya mama mkwe ikapanda, halafu ikavunjika. "Miaka yote hiyo unakwenda huko. Majirani wananiuliza mwanao anafanya kazi gani, nasema serikalini. Anafanya nini serikalini? Niwaonyeshe mifuko? Hiki ndicho kitu pekee cha kazi yako nilichowahi kukishika. Ndicho nikipake masizi?"

Shemeji alikuwa ameshika kalamu na macho yamemjaa machozi. Moyoni nilimwomba aandike 'kila siku', yaishe, tunywe chai. Mimi ningeandika. Yeye akaandika, kisha akasoma kwa sauti, kwa kuwa mwenye nyumba lazima asomewe jibu lake:

"Halitumiki."

Mama mkwe akaenda zake jikoni akafunga mlango. Mgeni aliondoka bila kukaribishwa hata maji, na hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Katika nyumba zilizofuata shemeji hakuishia kuuliza tu, akawa anafunua vitambaa. Wenye nyumba wote walisema 'kila siku'. Jiko moja lilikuwa limejaa nyuzi za kushonea, lingine limepandwa ua, na kwenye moja kuku alikuwa anaatamia na hakutaka uhakiki wa mtu yeyote. Si kwamba watu waliyadharau majiko. Walikabidhiwa kwa utepe, hotuba na picha ya pamoja. Nani atapikia zawadi ya namna hiyo? Shemeji akaandika kwenye ripoti kwamba hesabu ya moshi ipunguzwe, na kwamba kuanzia sasa jiko likabidhiwe bila utepe, liwashwe papo hapo, sufuria juu. Bosi akafura. Mkaguzi akasaini. Ripoti zote za wataalamu, alisema, zilikuwa na 'kila siku' kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hizo ndizo zilizotia shaka hata akatumwa. Uhakiki wa mwakani ukabaki kwa kitengo.

Mama mkwe alimnunia binti yake mpaka ripoti ilipochapishwa. Shemeji alimletea nakala, akaiweka mezani, akapiga magoti kuomba radhi. Mama mkwe aliomba miwani yangu, akasoma jalada ambalo jina la mwanawe lilikuwa juu kabisa, peke yake. Akasoma tena. Kisha akanyanyuka, akalishusha lile jiko kabatini, akatuambia tutafute mkaa.

Sasa jiko liko jikoni, jeusi tii. Juu ya kabati, chini ya kitambaa kile kile, iko ripoti. Mgeni haigusi mpaka anawe mikono. Mama mkwe mwenyewe ndiye anayeifunua, penye uzi mwekundu aliouweka kama alama, na kumwambia asome kwa sauti. Mgeni anasoma: katika nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba alidai kulitumia jiko kila siku, ikathibitika kwamba hakusema kweli.

"Ndiye mimi huyo," anasema mama mkwe, akitabasamu mpaka magego yanaonekana. "Na aliyenikamata ni mwanangu."