Aliyemshusha Bibi Bondeni

Bibi yangu, mzaa baba, alipokuwa mwali aliambiwa na mganga kwamba atakufa kwa maji. Ndiyo maana alikubali kuolewa Vidunda, juu kabisa mlimani, na hakushuka mtoni hata kufua.

Baba, mwanawe wa pekee, alikuwa mwenyekiti wa kijiji watu walipoamriwa kuhamia kijiji cha Ujamaa bondeni. Bibi alikataa.

"Unajua ninachokiogopa, mwanangu."

"Mama, hayo ni maneno ya mganga. Nikikuacha wewe huku, nitamhamishaje mtu mwingine?"

Wenyeviti wengine walijifanya hawawaoni wazazi wao waliobaki mlimani. Baba alipanda mwenyewe juu ya paa la bibi, akaezua nyasi, kisha akambeba mgongoni hadi chini.

Masika ya kwanza tu mto ulifurika. Tulimkuta bibi katikati ya mpunga, amenasa kwenye matete.

Msibani padri alisema ni mapenzi ya Mungu. Majirani walisema mganga aliona mbali.

Wakati huo nilikuwa nasoma sekondari Kilosa, na mwalimu alitufundisha tamthilia za Wayunani wa kale, za watu waliokimbia hatima yao wakajikuta wameifikia. Likizo ilipofika nilipanda basi hadi Mikumi, nikaendelea nyumbani, na jioni nikamsimulia baba. Nilidhani nitampunguzia mzigo.

"Hata wafalme yaliwakuta, baba. Yakishapangwa, mtu afanye nini?"

Alikuwa anapukuchua mahindi. "Waliotenda ni miungu?"

"Hapana. Ni watu wenyewe."

"Na adhabu?"

"Waliibeba wao."

"Basi hao Wayunani walikuwa wakweli. Maji hayakupanda mlimani kumfuata mama. Mimi ndiye niliyemshusha."

"Lakini ulitumwa, baba."

"Nilitumwa, ndiyo. Ningeweza kumwacha, kama wenzangu. Nilimshusha ili nisionekane napendelea."

Aliacha uenyekiti mwaka huohuo. Baadaye watu walipoanza kurudi mlimani, yeye alibaki. Kila masika alipita nyumba kwa nyumba akiwahimiza wazee wahamie kwenye mwinuko kabla mto haujajaa. Wengine walimcheka.

Nilitamani, hata siku moja tu, amlaumu mganga, au serikali, au Mungu. Hakumlaumu yeyote, mpaka tulipomzika.