Picha ya Ubongo, Si ya Uongo

Hapa Kitui, watu wanaoweza kukuonyesha ubongo wako ukiwa kazini ni wachache, na mimi nimo. Nilikwenda ng'ambo kufagia sakafu za hospitali, nikarudi na diploma ya kupiga picha za mwili. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili yangu. Nilifagia mchana, nikasoma jioni, na walimu wangu wenyewe walikiri kwamba mkono wangu ni mwepesi kwenye mashine.

Mashine yenyewe ni sumaku kubwa yenye shimo katikati, nawe unalazwa humo kama mkate kwenye tanuri. Inaonyesha mikunjo ya ubongo waziwazi, hata vimishipa vyake. Tena ukichezesha vidole, damu hukimbilia mahali panapoviongoza, na kwenye skrini pale pale panawaka rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka jana nililetewa mama mmoja wa Kwa Vonza, msusi wa viondo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kurukaruka wenyewe, na mara mbili ulimwangusha sokoni kwa kifafa. Picha ya kwanza ilionyesha uvimbe kichwani. Daktari wa upasuaji alitaka kuutoa, lakini kwanza ajue uko umbali gani na sehemu inayoongoza vidole. Mama alikuwa amemwambia wazi: kama mkono utakufa, afadhali uvimbe ubaki.

Siku ya kumwita nilimpigia mumewe, shemasi wa kanisa lao, nikamwambia amlete tumpige picha ya ubongo. Mtandao ulikuwa unakatika, na ile b ilipotelea njiani. Mzee akafika nyumbani akatangaza kwamba mkewe anakwenda kupigwa picha ya uongo, ile ya kufichua waongo.

Basi walipofika, mama alikataa hata kuvua viatu. Mumewe, kwa upande wake, alikuwa amevaa suti na uso wa sikukuu.

"Kabla hujaanza," mzee aliniambia, "iulize hiyo mashine juu ya yule jogoo. Mimi niliambiwa amechukuliwa na mwewe."

"Mwanangu, nirudishe nyumbani," mama akasema. "Siulizwi mambo ya jogoo mbele ya huyu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamkalisha na kumweleza kwa Kikamba, pole pole, kwamba sumaku haijui jogoo wala mwewe. Inajua maji na damu tu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha diploma yangu, ambayo nimeitundika ukutani panapoonekana vizuri. Akaitazama, akavua viatu. Mzee alirudi kwenye benchi akiwa amenyong'onyea.

Ndani ya mashine tukapata shida nyingine. Maagizo yanasema mgonjwa agonganishe kidole gumba na vidole vingine, kisha apumzike, kisha arudie. Mama aligonganisha kwa woga, mara anasahau, mara anatikisa bega zima. Picha zikaja na ukungu. Fundi mwingine angemrudisha nyumbani. Mimi nilibonyeza kipaza sauti.

"Mwaitu," nikamwita, maana kwetu hivyo ndivyo unavyomwita mama, "wacha kugonganisha. Suka kiondo. Hakuna uzi, lakini suka."

Vidole vikajua kazi yao. Kichwa kilitulia, bega likatulia, na nilipomwambia pumzika alipumzika kama mtu aliyeweka kiondo magotini. Kwenye skrini rangi ya chungwa ikawaka, safi, yenye kingo zilizonyooka. Uvimbe ulikuwa jirani yake, lakini kati yao palikuwa na nafasi. Nyembamba, ila nafasi.

Nilimwita daktari, nikamwonyesha. Akainama, akapima, akapima tena, kisha akasema angepitia upande wa nyuma. Aliisifu ile picha. Nilimwomba airudie sifa hiyo mbele ya wenzangu, naye akairudia.

Alipomaliza kumpasua na mama akazinduka, nilikuwa wodini ingawa hakuna aliyeniita. Mumewe alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi. Daktari alimpa mama kidole chake, akamwambia akibane kwa mkono wa kulia.

Mama alikibana, na hakukiachia mpaka daktari alipoomba arudishiwe.