Miti ya Avoka Ndani ya Makopo

Mwanangu, kwanza unisamehe kwa mwandiko huu. Shule yangu iliishia darasa la sita na mkono wangu ni mzito. Neno moja naliandika, nalitazama, ndipo naenda kwa lingine. Ukikuta herufi zimekosewa, soma tu kile unachoona nilitaka kusema. Unisamehe pia kwa kukuita mwanangu wakati ndevu zangu bado hazijajaa. Hapa kwenye kambi ya Nakivale aliyetangulia kufika tunamhesabu kuwa mkubwa, na mimi nililetwa hapa nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Juzi pale Kabazana, kwenye mapokezi, nilipowaletea ninyi wageni matunda, uliniuliza mbele ya watu: kama kila mtu hapa anangoja kuondoka, mti unapandwa wa nini? Wenzako wakacheka. Nami nikaona haya, nikasema nitakujibu siku nyingine. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Jibu ninalo, lakini haliwezi kutoka mdomoni nikiwa nimesimama na watu wananitazama. Ndiyo maana nakuandikia.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ambayo Baba alinituma mjini Mbarara kuuliza habari za baridi.

Baba yangu alikuwa mkulima kule kwetu, upande wa Fizi, Kongo. Mikono yake haikuweza kushika kokwa la avoka, hilo ambalo wengine wanaliita parachichi, ikalitupa. Kokwa likiwa zuri alilitia ndani ya kopo, yale makopo makubwa ya mafuta ya msaada, akalijaza udongo na kulimwagilia asubuhi na jioni. Miche ikaota, ikawa mirefu, ikanifika kifuani. Lakini hakuitoa ndani ya makopo. Aliipanga ukutani, upande wa kivuli, kama watu wanaongoja gari.

Alikuwa na sababu zake. Kule kwetu aliacha miti inazaa. Tulipofika hapa alipanda mipapai kwenye ploti yetu ya kwanza, na ilipoanza kuzaa tukahamishwa ploti, papai zikaliwa na wengine. Tangu hapo akaapa kwamba hatapanda tena mti ambao hawezi kuubeba. Halafu mdogo wake, baba mdogo Yakobo, akapata nafasi ya kwenda Amerika. Alipiga simu akasema nyumba aliyopewa ina uwanja nyuma, una majani mazuri, na hakuna anayelima. Baba aliposikia hakuna anayelima, hakulala. Akaanza kusema kwamba siku jina letu litakapoitwa, atachukua miche yake. Wakimkatalia miche kwenye ndege, atachukua kokwa na kuanza upya kule.

Majirani walimcheka. Mzee Bahati, aliyekaa ng'ambo ya njia, alikuwa akipita anamsalimia hivi: "Baba Makopo, ndege yako inapakia saa ngapi?" Baba naye hujibu kwamba nafasi ya Bahati iko, ila atakaa nyuma pamoja na udongo. Walipendana sana wale wazee.

Basi baba mdogo Yakobo akatuma kwa simu namba ya posta ya mtaa wake. Kule, mwanangu, kila mtaa una namba yake. Akasema Wamarekani wana hesabu yao ya mimea: ukiwa na namba ya posta, intaneti inakuambia mtaa huo uko kanda gani ya baridi, na mti gani unaweza kuishi hapo. Baba akaniandikia namba hiyo mkononi kwa kalamu ili isipotee, akanipandisha kwenye lori la matoke, zile ndizi za kupika, nikashukia Kakoba, mtaa wa Mbarara.

Nilizunguka mlango wa nyumba moja ya intaneti mpaka mwenye duka la karibu akanishuku. Ndani kulikuwa na kijana mmoja wa chuo, jina lake Asiimwe. Alikuwa mtoto wa askari, amezaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, kile cha kwao. Nilimwonyesha mkono wangu bila kusema neno. Akausoma, akacheka, akaniuliza kama nimetoroka jela.

Nilipomweleza, polepole, alifurahi sana. Alisema kuna kompyuta huko ng'ambo ambayo kazi yake ni kujibu swali hilo tu, usiku na mchana. Yeye alikuwa anajifunza kutengeneza ukurasa mdogo: wewe unaandika namba ya posta, ukurasa unatuma swali kwa ile kompyuta ya mbali, nayo inarudisha jibu bila mtu yeyote kusema na mtu. Nilifikiri moyoni kwamba kompyuta hiyo na mimi tungeelewana.

Akaandika namba ya mkononi mwangu. Jibu lilirudi kabla sijakaa vizuri.

"Kanda ya nne," akasema. "Hii fasi ya ndugu ya baba yako iko kama ndani ya friji. Usiku mubaya kabisa inashuka digrii thelathini chini ya sifuri. Yeye nataka kupanda nini?"

"Avoka," nikasema.

Alinitazama kwa huruma. "Hiyo nataka kuanzia kanda ya tisa. Kule itakufa baridi ya kwanza."

Nilikuwa naona makopo yale ukutani na Baba ameinama na kikombe cha maji. Asiimwe naye, labda ili kunichangamsha, akaandika Nakivale. Ukurasa ukarudi mtupu. Akaandika Mbarara, ukarudi mtupu. Akasema nchi hii haina namba za posta za mitaa, ina masanduku tu, na kompyuta ile haijui mtu asiye na namba.

"Ona, hata mimi siko," akasema, akacheka peke yake. Halafu akaacha kucheka. "Lakini kanda si uchawi. Ni baridi ya usiku mubaya kabisa, basi. Kwenu kambini, asubuhi ya baridi kabisa, maji kwa jerikeni inakuwa jiwe?"

Nikasema hapana, haijawahi.

"Basi hiyo ovakado nangoja nini?"

Nilirudi nyumbani na swali lake tumboni.

Nilifika jua likiwa bado juu. Baba alikuwa ameketi nje na Mzee Bahati, na nilitamani Mzee Bahati aende kwake kwanza, lakini hakwenda. Baba akaniambia niseme. Nikasema kanda ya nne. Akasema kanda ya nne ni kitu gani, niseme watu wasikie. Nikasema, nikitazama chini, kwamba kule avoka itakufa.

"Sasa ndege isichelewe," akasema Mzee Bahati, "miche utuachie hapa, tupate kuni kavu."

Safari hii Baba hakumjibu. Kisha akaniuliza, "Na hapa, ile mashine ilisema nini?"

"Hapa haijui, Baba. Hatuna namba ya posta."

"Namba ya kadi tuko nayo," akasema Mzee Bahati, "ya ploti tuko nayo, ya foleni ya maharage tuko nayo. Ya posta tu njo inakosa."

Baba akacheka kidogo, cheko la kumheshimu rafiki. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniuliza mimi. Alisema, "Na weye, unaona namna gani?"

Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nateka maji ya miche ile. Niliona majani yake yanageuka manjano kuanzia chini. Niliona mizizi imezunguka ndani ya kopo kama kamba iliyokunjwa, haina pa kwenda. Niliyaona hayo muda mrefu na sikusema, kwa kuwa Baba ni Baba. Siku ile nikasema. Nikasema miche inasongwa. Nikasema hapa maji hayawi jiwe, na kama tungeitia ardhini ingekuwa miti.

"Uliona lini?" akauliza.

"Zamani, Baba."

"Na ulinyamaza?" Hakupandisha sauti. "Mutoto wangu, ulifikiri unaniheshimu? Uliniacha nimwagilie maji kitu inakufa, na weye uko unaona. Heshima ya namna hiyo usiniletee tena."

Hilo ndilo karipio nililopewa nikiwa bado mdogo, na sijapewa lingine lililonisaidia kama hilo. Mzee Bahati alisimama akaaga taratibu bila utani wowote.

Asubuhi yake Baba alishika jembe. Alichimba upande wa nyuma ya nyumba, mashimo mapana, akatia samadi ya ng'ombe. Kisha akaenda kuchukua kopo la kwanza, lile la mche mkubwa, na kopo halikuinuka. Akavuta. Tukasikia kitu kimekatika chini, sauti ndogo kama ya kuvunja muhogo. Alipolilaza kopo tukaona chini pameliwa na kutu, na mzizi mnene ulikuwa umepita ukaingia ardhini bila kumwomba mtu ruhusa. Baba alipiga magoti, akaushika ule mzizi uliokatika, akaniambia nisivute mingine. Tukaanza kukata makopo palepale yaliposimama kwa patasi na nyundo, taratibu, na kuyavua kama unavyomvua mtoto aliyelala nguo. Uliovutwa ulikufa. Mingine, miwili ilibaki karibu mno na ukuta, na mpaka leo inasukuma tofali zetu. Mama alilalamika juu yake kila msimu wa mvua. Ile ambayo mizizi haikuwa imetoboa kopo tuliihamishia kwenye mashimo, na hiyo ndiyo mizuri.

Baba aliishi na miti ile miaka michache, ndipo jina lake likaitwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuoa na kupewa kadi yangu, mbali na ya Baba, kwa hiyo nilibaki. Siku ya kuondoka hakuchukua kokwa hata moja. Alipita akagusa kila mti, akanikabidhi ndoo. Baridi ya kwanza alinipigia simu akisema barafu imefika magotini na ile mashine ya Mbarara haikudanganya. Miti ilipozaa mara ya kwanza nilimwambia, na nilidhani atasema nikauze. Alisema nipeleke Kabazana kwa waliofika wiki hiyo, kwa kuwa mtu akifika hawezi kuwa na mti.

Basi jibu lako, mwanangu, ndilo hili. Huko tunakotazamia kwenda, uliza habari zake, si vibaya. Lakini uliza pia habari za hapa unapolala leo, hata kama hakuna kompyuta inayopajua, maana hapo wewe mwenyewe unaweza kujibu. Panda. Ukiitwa, nenda, wala usihuzunike kwa atakayekula. Na ukiona kitu cha mkubwa wako kinaharibika, mwambie kwa upole, hata sauti ikitetemeka kama yangu.

Mungu wa baba zetu akupe mvua kwa wakati wake, akulindie mizizi yako usiyoiona, na siku jina lako litakapoitwa akukute una udongo kwenye kucha.

Tafadhali uniandikie nawe, hata mistari michache. Niambie kwenu mlipanda nini, na usiku wa kwenu ulikuwa wa baridi namna gani.